Vichangamsho vya kuanzia mkutano wa kikundi: hatua, muda na pale vinapoharibikia

#1 MsukaDuara

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni wa wanaoendesha mikutano ya vikundi: vikoba, vikundi vya hisa, shamba darasa, kamati za maji, vijana wa mtaani. Nazungumzia zile dakika tano hadi kumi za mwanzo tunazoziita kichangamsho. Wapo wanaoziruka kabisa, na wapo wanaozifanya hovyo kiasi kwamba wanachama wakisikia "tusimame wote" kila mmoja anatafuta simu yake.

Msimamo wangu: kichangamsho kichaguliwe kwa kutazama kazi inayofuata. Ajenda ya kwanza ikihitaji makundi madogo, mchezo uishe watu wakiwa wamekwisha kugawanyika. Ikihitaji kusikilizana, mchezo uwe wa masikio. Ikiwa ni hesabu za fedha, mchezo uamshe kichwa, miguu itulie. Mchezo uliochaguliwa kwa kicheko peke yake unakuachia watu thelathini waliosimama wanapiga soga, na kuwarudisha vitini ni kazi nyingine.

Hesabu ya muda ndipo wengi wanapokwama. Utambulisho wa "jina, unakotoka na matarajio yako" unakula kama dakika moja kwa mtu. Watu 30 ni nusu saa, na kuanzia mtu wa kumi hakuna anayesikiliza, kila mmoja anapanga maneno yake. Ukitaka jina na jambo moja tu, sekunde 15 kwa mtu, watu 30 ni dakika saba na nusu. Wakizidi hapo, wakae wawili wawili, kila mmoja azungumze dakika moja mwenzake akisikiliza, na iishie hapo. Ukiwaambia sasa kila mtu amtambulishe mwenzake mbele ya wote, umerudi kwenye ile nusu saa.

Maelekezo yasizidi sentensi tatu. Sema la kufanya, onyesha mara moja kwa mwili wako, fanyeni jaribio moja lisilohesabiwa, anzeni. Mchezo unaodai sentensi saba haufai kuanzia mkutano.

Naanza na unaojulikana kuliko yote, Meli Inazama. Watu 25 wanahitaji eneo la kama hatua nane kwa nane. Wanatembea bila mpangilio. Kiongozi anapaza sauti: "Meli inazama! Mtumbwi unabeba watu watatu!" Ndani ya sekunde tano wawe wamesimama watatu watatu. Kisha watawanyike, aite tena. Miito minne inatosha: 3, 7, 4, na wa mwisho uwe idadi ya kundi unayotaka kwa kazi. Saba imewekwa makusudi, ndiyo inayovunja marafiki waliokuja pamoja na kusimama pamoja.

Kosa kubwa ni kuwatoa nje wanaobaki. Ukitoa watu kila mwito, mwishoni unabaki na wachezaji wanane na watazamaji kumi na saba, na hao kumi na saba ndio uliotaka kuwachangamsha. Anayebaki ndiye aite namba inayofuata. Na piga hesabu mapema: watu 26 kwa makundi ya watano, mmoja atabaki. Sema tangu mwanzo kwamba kwenye mwito wa mwisho atakayebaki achague kundi analopenda.

Karibuni mwongeze.

#2 MtuWaNansio

Mkuu, mchezo ni mzuri, ila jina lake lisiletwe huku kwetu. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Upande wa Zanzibar kuna MV Spice Islander, Septemba 2011, na MV Skagit, Julai 2012. Kwenye duara la watu thelathini Ukerewe, Mwanza, Unguja au Pemba, hujui nani alimzika mzazi wake na nani hakupata hata mwili wa kuzika. Unapaza sauti "meli inazama" na wengine wanacheka, yeye afanye nini?

Tumieni Mafungu. Kiongozi ni muuza nyanya. Anaita "Nyanya, nyanya!" Wote: "Fungu ngapi?" Naye: "Fungu la nne!" Wanasimama wanne wanne. Hatua ni zile zile, na hakuna asiyejua fungu la nyanya.

#3 MsukaDuara

Ndugu yangu, nimelipokea kwa mikono miwili. Kuanzia hapa tuite Mafungu.

Na lile jibu la "Fungu ngapi?" lina faida nyingine. Watu wakijibu kwanza, miguu inasimama kidogo na masikio yanafunguka kabla ya namba kutajwa. Bila jibu, nusu ya watu wanasikia "nne" na nusu "nane", hasa nje kwenye upepo. Onyesheni namba kwa vidole pia, mkono juu ya kichwa.

#4 BiHisa

Naomba niseme upande wa vikundi vya hisa, kwa kuwa huko kuna sanduku.

Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa wanachama watatu, na sanduku lenyewe hulitunza mwingine asiye na ufunguo. Wanachama 15 hadi 25 wameketi kwa namba zao. Sasa sheria ya kwanza: kichangamsho kiishe kabla ya kufuli la kwanza kufunguliwa. Sanduku likiwa wazi hakuna kusimama wala kuhama kiti. Wahesabu fedha wawili wanahesabu kwa sauti mbele ya wote. Watu wakizungukazunguka, hesabu inapotea na inaanza upya. Na ikipungua elfu mbili siku ambayo watu walikuwa wanarukaruka kando ya meza, kikundi kitanuniana mwezi mzima kwa jambo ambalo pengine ni noti zilizoshikana.

Kuhusu kabla au baada ya mahudhurio, mimi nasema kabla. Mkutano wa saa tisa alasiri uanze saa tisa na mchezo, saa tisa na dakika tano mahudhurio, na faini za kuchelewa zihesabiwe hapo. Anayewahi anakuta jambo lake. Msitumie mchezo kusubiria watu. Kurefusha kwa sababu fulani hajafika ni kumchosha aliyewahi kwa kosa la aliyechelewa.

Mchezo wenyewe unaofaa sanduku ni Salio. Vikundi hivi vina desturi ya wanachama kukariri salio la mfuko wa jamii, yaani ule wa kusaidiana wakati wa shida, mwisho wa mkutano, ili mkutano unaofuata litajwe kwanza na ndipo fedha zihesabiwe. Tuseme ni 47,500. Wote wafumbe macho, daftari lifungwe. Mwenyekiti ataje namba: "Kumi na moja!" Mwanachama namba 11 anasema "Arobaini." "Nne!" Namba 4 anasema "na saba elfu." "Kumi na tisa!" "Na mia tano." Likiharibika, yeyote aseme "Rudia," na mwenyekiti aanze na namba nyingine. Likikamilika, wote walitaje kwa pamoja mara mbili, macho yafunguke. Ni dakika tatu. Sanduku likifunguliwa na fedha ikalingana na walichotaja, utaona mabega yanavyoshuka.

Tahadhari moja: katibu asishiriki, kwa kuwa analijua salio kwa maandishi na atawajibia wengine. Na msimwite asiyesoma kwa sauti ya kumpima. Mara nyingi ndiye anayelishika salio kuliko wenzake, maana kumbukumbu ndiyo daftari lake.

#5 Chipukizi_Dom

Shukrani Bi. Na kama mkutano uko kwenye darasa la shule ya msingi, watu 45, madawati mazito yamepangwa kwa safu na hakuna pa kutembea? Mafungu haiwezekani hapo.

#6 MwalimuWaZamu

Chipukizi, hapo kuna miwili inayochezwa watu wameketi.

Wa kwanza ni Mvua. Sauti ni nne: kusugua viganja, kugonga vidole viwili kwenye kiganja, kupiga mapaja, kukanyaga sakafu. Kiongozi anasimama mbele na kuanza kusugua viganja. Safu ya mbele inaiga, ya pili inaiga ya kwanza, hivyo hivyo hadi nyuma. Sauti ikifika safu ya mwisho, kiongozi anabadilisha kwenda ya pili. Mkifika kukanyaga sakafu, mwache mwungurumo ukae kama sekunde kumi, kisha mrudi kinyume: mapaja, vidole, viganja, kimya.

Kanuni moja isemwe mara mbili: fuata safu iliyo mbele yako, usimfuate kiongozi. Watu wakimtazama kiongozi wanabadilisha wote kwa pamoja na mvua inakuwa makofi tu. Ikienda sawa, kuna wakati safu za mbele zinagonga vidole na za nyuma bado zinasugua viganja, na darasa linasikika kama matone ya kwanza kwenye bati, yale mazito yanayoanguka moja moja. Safu nane zinamaliza mzunguko mzima kwa dakika tatu hivi. Ule ukimya wa mwisho ndio mali yako: mwenyekiti afungue kikao ndani yake, kwa sauti ya kawaida, kabla mtu hajakohoa. Kwenye duara ni vivyo hivyo, ila kila mtu anamfuata jirani wa kulia. Mvua ya kweli ikiwa inanyesha juu ya bati, acha, hakuna atakayesikia kitu.

Wa pili ni vitendawili, na nasikitika vinavyosahauliwa wakati ndivyo vichangamsho vyetu vya asili. Havina gharama, havimsimamishi mzee, na kila mtu anaujua mwito. "Kitendawili!" "Tega!" Chukua vitatu tu. Cha kwanza chepesi ili watu wapate ushindi: nyumba yangu haina mlango, yai. Cha pili kigumu kidogo: kuku wangu katagia miibani, nanasi. Cha tatu ukitunge mwenyewe kuhusu ajenda. Kamati ya maji waweza kuwategea hivi: "Anakimbia usiku na mchana, hajawahi kuomba kupumzika." Wakisema mto, umekwisha kuingia kwenye ajenda ya chanzo cha maji bila tangazo.

Vinapoharibikia ni kwamba wazee wawili wanavijua vyote na wengine wanabaki kuwatazama. Dawa yake, jibu litoke kwa dawati. Watu wa dawati moja wanong'one kwanza, hesabu hadi kumi kimoyomoyo, ndipo mikono iinuliwe. Likikosekana, mtegaji aombe mji kama desturi ilivyo: "Nipeni mji." Wanampa Tanga au Kigoma, anasema sentensi moja ya safari yake, anatoa jibu. Moja tu. Mtegaji mwenye maneno akipewa mji wa mbali hamfungui kikao leo.

#7 ChamaMvita

Salaam kutoka Mombasa. Kwa sisi wa vyama huku, mchezo unaopendwa ni Nyama. Kiongozi asema "Nyama nyama nyama!" wote waitika "Nyama!" Kisha "Nyama ya ng'ombe!" waruka na kuitika "Nyama!" Akisema "Nyama ya paka!" wote kimya, wasitikisike. Mwendo uwe mwito mmoja kila sekunde mbili, na wa uongo uje baada ya wa kweli watatu au wanne, mwili ukishazoea kuitika.

Orodha iandikwe kabla. Kiongozi akitafuta wanyama papo hapo, hujikuta kwenye nguruwe, au sungura, au punda, na kikao chageuka kuwa mjadala wa nini halali na nini si halali. Wakristo na Waislamu wakae kwa amani: wa kweli wawe ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku, wa uongo wawe vitu. Nyama ya ndala. Nyama ya kufuli. Nyama ya simu. Hakuna atakayekasirika kwa ndala. Miito kumi na miwili yatosha, nusu dakika hivi. Wasiotaka kuruka wainue mikono.

Jambo jingine ni ule mchezo wa Fundo, watu wanane kwenye duara, kila mmoja ashika mikono ya watu wawili tofauti wasio jirani zake, kisha wajifungue bila kuachiana. Ni mchezo mzuri kwa ajenda ya uongozi, maana waonyesha nani aamuru na nani asikilizwa. Lakini kushikana mikono mwanamume na mwanamke ambao si maharimu, kuna wengi hawatakubali, na hawatasema, wataondoka tu. Tumieni leso, ile mnayoiita kanga. Ikunje kwa urefu, au tumia vipande vya kamba vya kama nusu mita, kila mmoja ashike ncha. Wapata mchezo ule ule, na kwa hakika bega lapata nafasi ya kuzunguka zaidi kuliko kwa mikono mitupu.

Mfahamu kwamba si kila fundo lafunguka. Mara laishia duara moja, mara maduara mawili, mara ni fundo kweli. Waambieni mapema: zikipita dakika nne, kundi lapewa ruhusa moja ya kuachia leso moja. Wakibishana ni leso gani iachiwe, acheni wabishane, hapo ndipo penye somo.

#8 TabibuViungo

Nashukuru kaka wa Mvita amegusa bega. Naomba waendeshaji wafikirie miili iliyoko mbele yao.

Mchezo wa kugombea viti, ambapo kiti kimoja kimepungua, uachwe kabisa kwa watu wazima. Viti vya plastiki juu ya vigae hutanua miguu mtu akikalia ukingoni kwa kasi, na anayeanguka huangukia mfupa wa mkia au kiganja. Kwa mwanamke wa miaka sitini, kiganja hicho ni kifundo cha mkono kilichovunjika. Michezo ya kuruka, kusukumana na kubebana haimfai mjamzito, wala mama mwenye mtoto mgongoni. Michezo ya kuinama kichwa chini na kuinuka haraka inawapa kizunguzungu wanaotumia dawa za presha. Kwa wenye maumivu ya goti, kuchuchumaa ni adhabu.

Kikao kikirejea baada ya chakula, saa nane mchana, watu wanasinzia na mwendeshaji anataka kuwarusha. Wasirushwe matumbo yakiwa yamejaa. Wasimame nyuma ya viti vyao, washike mgongo wa kiti, wapande juu ya vidole vya miguu na kushuka polepole mara kumi. Misuli ya nyuma ya muundi inasukuma damu irudi juu, na usingizi unapungua. Kisha mabega yazungushwe nyuma mara tano, shingo igeuke kulia na kushoto bila kuizungusha yote. Ndala zivuliwe au zivaliwe sawasawa, zile za kukanyagia nusu ndizo zinazoteleza. Dakika mbili, imekwisha.

Mwezi wa Ramadhani, michezo yote iwe ya kukaa na ya kichwa. Aliyefunga asitolewe jasho saa saba mchana.

#9 MikonoHewani

Naongezea kwa wenye ulemavu, kwa sababu kinachotokea mara nyingi ni "wewe kaa pembeni utazame". Hilo lisifanyike. Kama kuna mtu wa kiti cha magurudumu au magongo, kikundi kizima kicheze kikiwa kimeketi, na isitangazwe kwamba ni kwa ajili yake.

Makofi kwa viziwi ni mikono juu, vidole vimeachana, viganja vinatikiswa. Kikundi kizima kikijifunza hilo siku ya kwanza linakuwa kichangamsho tosha. Mkalimani wa alama asimame karibu na kiongozi, taa au dirisha viwe mbele yake. Mwanga ukiwa nyuma yake mikono inaonekana kivuli tu. Mvua inawezekana kwa sababu mtu anatazama jirani, na kukanyaga sakafu ya mbao anakuhisi.

Kwa wasioona, mpira wa majina utengenezwe wa kusikika: chupa ndogo ya plastiki yenye vijiko viwili vya choroko, imefungwa ndani ya soksi. Usirushwe, ukabidhiwe mkononi. Kila anayezungumza aanze na jina lake, kila mara, hata kama ametoka kuzungumza.

#10 Chipukizi_Dom

Mpira wa majina wenyewe unachezwaje? Na wazee mnawaitaje, maana kwetu huwezi kumwita mzee kwa jina lake kavu.

#11 BiHisa

Swali zuri, mwanangu. Duara la kwanza kila mtu anataja jina analotaka kuitwa. Mama Asha anabaki Mama Asha, Mzee Shomari anabaki Mzee Shomari, Bi Mkubwa vivyo hivyo. Asiulizwe jina la kwenye kitambulisho.

Mpira ni wa matambara ndani ya soksi, ukubwa wa chungwa, mwepesi. Anayerusha anataja jina lake kisha la anayerushiwa: "Zawadi kwa Mama Asha." Urushwe kutoka chini kwenda juu, si kwa kutupa kutoka begani. Kila mtu aupate mara moja, njia ikumbukwe, mrudie njia ile ile mara tatu, kila mara haraka zaidi. Mara ya tatu ingiza mpira wa pili nyuma ya wa kwanza. Mwisho ni watu 20. Wakizidi, maduara mawili, kwa kuwa nje ya hapo anayesubiri anasubiri mno.

#12 MkulimaDarasa

Shamba darasa lilianzia Indonesia mwaka 1989, kwenye mpunga, chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na tangu huko kichangamsho kimo ndani ya ratiba ya kila siku ya mafunzo. Hakijawekwa kama burudani. Vikundi vidogo vinatoka shambani na kuchora walichoona, vinawasilisha, watu wamechoka na jua, ndipo mchezo unaingia kabla ya mada maalumu.

Wetu ni Rafiki au Adui. Kiongozi anataja mdudu. Akiwa rafiki wa mkulima, mikono inafunguliwa. Akiwa adui, kofi moja. Nyuki, fungua. Vidukari, kofi. Buibui, fungua. Viwavijeshi, kofi. Vunjajungu, fungua. Nzi weupe, kofi. Wa mwisho awe siafu. Wengine watafungua, wengine watapiga kofi, na hapo unaacha mchezo na kuuliza: kwa nini? Mada imeanza yenyewe.

Msichanganye na ule wa "kunguru anaruka, kiti kinaruka", ambao mikono inainuliwa kwa kinachoruka angani tu. Kiswahili chetu kinaita kuruka kwa ndege na kwa mbuzi neno moja. Ukisema "mbuzi anaruka" nusu watainua mikono na watakuwa sahihi. Semeni "anapaa".

Mwingine ni Mstari wa Kimya. Wengi wanaucheza kwa tarehe za kuzaliwa, na wapo watu wazima wasiojua tarehe yao, inakuwa aibu. Chezeni kwa saa ya kuamka. Bila kusema neno, wajipange kuanzia aliyeamka mapema kuliko wote, kwa kuonyeshana vidole: saa kumi ni vidole kumi, saa kumi na moja ni kumi kisha kimoja. Dakika nne. Wakimaliza, watajane saa zao kwa sauti kuanzia mbele. Kama ajenda ni mgawanyo wa kazi za shamba na nyumbani, kiongozi asitoe maelezo yoyote. Aulize tu: mnaona nini kwenye mstari huu?

#13 Mdau_Muscat

Asalam alaikum. Vikundi vya ndugu walioko mbali, wengine Muscat, wengine Dar, wengine Minneapolis, vinakutana kwa Zoom. Makofi na Mvua havifai huko. Mnashauri nini?

#14 MsukaDuara

Waalaikum salaam. Ni kweli havifai: sauti zinafika kwa kuchelewa tofauti, na programu yenyewe inayachukua makofi kama kelele na kuyafifisha.

Tumieni Tuma. Mwenyekiti anauliza swali la neno moja: "Wiki yako imekuwaje?" Kila mtu anaandika neno lake kwenye eneo la ujumbe lakini hatumi. Baada ya sekunde 20 mwenyekiti anasema "Tuma!" na maneno yote yanaanguka kwa pamoja. Hakuna aliyeiga mwenzake, na mwenye bando dogo ameshiriki bila kamera. Mwenyekiti asome maneno yote kwa sauti na majina, kisha amwulize mmoja tu aeleze lake.

Wakiwa na kamera, wacheze Kikombe: kila mtu aonyeshe anachokunywa saa hiyo. Muscat imeitangulia Dar kwa saa moja, na Minneapolis iko nyuma ya Dar kwa saa nane au tisa kutegemea majira. Mmoja anashika kikombe cha jioni na mwingine ndiyo kwanza anapata chai ya asubuhi, na mtajua nani asibebeshwe ajenda ndefu akiwa amechoka. Sekunde kumi kwa mtu, na wasizidi kumi na wawili.

#15 Kibarua_Mtendaji

Wadau, mambo mawili. Wanaokosea wapewe adhabu gani, kuimba au kucheza mbele? Na diwani au mtendaji wa kata akiwepo, naye acheze?

#16 BiHisa

Adhabu hakuna. Mama mzima akichezeshwa mbele ya wakwe zake kwa sababu alisema "nyama" mahali pa kunyamaza, mkutano ujao atatuma mtoto na hisa zake. Anayekosea ndiye aongoze mzunguko unaofuata, basi.

Mgeni rasmi aambiwe kabla ya kuingia, nje, kwa adabu: tutafungua kwa mchezo wa dakika tano, ni huu, unaweza kushiriki au kukaa. Asishtukizwe. Akishiriki apewe sehemu isiyo na kushindwa, kama kuanzisha Mvua au kutega kitendawili cha kwanza. Dua au sala itangulie, mchezo ufuate, salamu za mgeni ndipo zije.

#17 MtuWaNansio

Na siku ya msiba? Kikundi kimefiwa, mkutano hauwezi kuahirishwa kwa sababu ya marejesho.

#18 MsukaDuara

Siku hiyo hakuna mchezo, hata ule wa kukaa. Wasimame dakika moja kimya, aliyefiwa kama yupo asiulizwe chochote, mwenyekiti ataje mfuko wa jamii umetoa kiasi gani, kikao kiendelee.

Kama hukujua na mchezo umeanza, ukaona mtu ameinamisha kichwa au watu wanatazamana, ukate hapo hapo. Usiseme "tumalizie raundi moja". Shusha mikono yako, sema "tuketi", kaa wewe wa kwanza, kisha mwulize katibu kwa sauti ya chini kuna nini. Ndiyo maana kabla ya kila mkutano katibu aulizwe swali hili moja mlangoni: nyumbani kwa wanachama wote kwema?